Fenobabitoni, panya wa maabara na kidonda cha sikio: namjibu mama wa Kasulu

Swali lilikuja hivi, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo dokta. Niko Kasulu. Mwanangu wa kiume ana miaka 9, ana ualbino na pia ana kifafa, uzito kilo 24. Anameza fenobabitoni vidonge viwili vya 30 kila usiku, huu mwaka wa tatu, na kuanguka kumepungua sana. Sasa mdogo wangu yuko chuo kanitumia habari kwenye simu kwamba wataalamu waliwapa panya dawa ya kutuliza wakaangalia uvimbe wa ngozi, anasema nimwachishe mtoto hizo dawa haraka maana ngozi yake tayari dhaifu. Na kweli juu ya sikio la kushoto ana kidonda toka kabla hatujavuna mahindi, kinakauka kinaweka gamba, gamba likibanduka kinavuja damu. Bibi yake anataka tupake utomvu wa mnyaa. Dawa nimeacha kumpa toka juzi. Nifanyeje?"

Marahaba mama. Kabla ya panya na kabla ya mdogo wako, kwanza la usiku wa leo: mrudishie mtoto fenobabitoni yake leo leo, vidonge vyake viwili vilevile, usimpe vinne eti ufidie siku zilizoruka. Hii dawa inatoka mwilini taratibu, kwa mtoto nusu yake inachukua kama siku mbili hivi kuondoka, kwahiyo bado hajaishiwa kabisa, lakini kila usiku unaopita bila kidonge anazidi kukaribia hatari. Ubongo uliozoea fenobabitoni miaka mitatu ukikatiwa ghafla unaweza kuleta degedege la mfululizo, anaanguka, hajazinduka anaanguka tena, na hiyo inaua mtoto au inamwacha na ubongo ulioharibika. Ikitokea ameanguka ikapita dakika 5, au ameanguka mara ya pili kabla hajajitambua, usingoje kukuche, ita boda hapohapo mpaka hospitali.

Nasema kwa msisitizo hivi kwa sababu nchi yetu ina somo lake kwenye hili. Mwaka 1960 daktari mmoja Mnorwe, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa kule Mahenge, na dawa aliyoitegemea ni hii hii fenobabitoni. Watu waliokuwa wamefichwa ndani, wamejaa makovu ya moto, wakaanza kutembea na kulima. Miaka 30 baadae yeye na mwenzake Rwiza wakafuatilia wagonjwa 164 wa kliniki ile na kuchapisha walichokiona mwaka 1992. Wengi walikuwa wameshafariki, na vifo vingi vilihusiana na kifafa chenyewe: kuanguka kwa mfululizo, kuzama majini, kuungua. Kwa hiyo mtu akiniambia "achisha dawa haraka" mi naona mtoto karibu na jiko la mkaa, naona kisima, kabla sijafika hata kwenye hiyo saratani.

Haya, sasa panya. Na mdogo wako usimgombeze, kafanya jambo la mtu anayempenda mpwa wake, na habari yenyewe sio uzushi, majaribio ya namna hiyo yapo toka zamani. Tatizo ni kwamba "dawa ya kutuliza" ni jina la kapu zima, ndani yake kuna madawa ambayo hayana undugu wowote zaidi ya kwamba yote yanaleta usingizi, na kila moja ina kesi yake kwenye saratani. Ukisoma kichwa cha habari tu hujui wanaongelea ipi.

Ngoja nikueleze jaribio lenyewe linavyofanyika, maana nilipokuwa nasoma niliwashika hao panya kwa mikono yangu. Wanachukua panya wadogo weupe wa wiki saba nane hivi, wakati manyoya yao ya mgongoni yamepumzika hayaoti, wanawanyoa mgongo kwa mashine ndogo mpaka ngozi ya pinki inaonekana. Siku moja tu wanadondoshea pale mgongoni tone la kemikali inayoitwa DMBA, imeyeyushwa kwenye asetoni, ile ile ya kufutia rangi za kucha, tone linasambaa linakauka papo hapo wala panya hahangaiki. Ukimwacha na hilo tone moja dogo, kwa kawaida hakuna unachokiona, mgongo unabaki laini. Lakini wiki inayofuata wanaanza kumpaka kitu cha pili, mara mbili kwa wiki, na hicho kwa miaka mingi kilikuwa mafuta ya krotoni, mafuta makali ya mbegu ambayo zamani yalitumika kuharisha watu. Ngozi inakuwa nyekundu, inanenepa, inapukutika magamba. Kwenye wiki ya sita mpaka ya kumi hivi unaanza kuona kitu kama kichwa cha pini, kigumu, baadae kinakuwa kama chunjua, halafu viwili, vitano, na kazi ya kila wiki ni kumshika panya kwa shingo, kupitisha kidole mgongoni na kuhesabu. Baadhi ya hivyo vichunjua, ukisubiri miezi, vinageuka saratani kamili ya ngozi inayochimba kwenda chini.

Kilichofanya jaribio hili liwe maarufu ni mpangilio wake. Isaac Berenblum, aliyeanza kulifanyia kazi Uingereza miaka ya 1940, alionyesha kwamba vile vitu viwili vina kazi tofauti. Cha kwanza kinaharibu maandishi ya ndani ya seli, uharibifu ambao haufutiki hata ukae miezi. Cha pili chenyewe hakiharibu maandishi, kazi yake ni kuikera ngozi na kuilazimisha izaliane izaliane, ndipo ile seli iliyokwisha haribika inapata nafasi ya kukua kuwa uvimbe. Ukigeuza mpangilio, ukatanguliza mafuta ukamalizia na DMBA, uvimbe hautoki kama ule. Naomba ukariri hivi vitu viwili, kiharibifu na kichochezi, maana kila kitu nitakachokwambia huko chini kitarudi hapa, kidonge, jua, na hata huo mnyaa wa bibi.

Sasa dawa za usingizi ziliingiaje hapo? Ya kwanza ni yurethani. Karne ya 19 watu walipewa kama dawa nyepesi ya usingizi, baadae ikabaki sana sana kwa kulaza wanyama wa maabara wasisikie maumivu. Mwaka 1943 watafiti Nettleship na Henshaw wakagundua kwamba panya waliokuwa wakilazwa na yurethani walikuwa wanaota uvimbe kwenye mapafu. Halafu mwaka 1956 Berenblum, wakati huo yuko Israeli, na mwenzake Haran wakawanywesha panya yurethani kwa mdomo, kwa mdomo tu, ngozi hawakuigusa, kisha wakawapaka mafuta ya krotoni mgongoni, na vichunjua vikatoka. Yaani dawa ya usingizi iliyopita tumboni ilifika kwenye ngozi na kufanya kazi ya kile kiharibifu cha kwanza. Hili ni kweli tupu, na kama mdogo wako kasoma habari ya ukoo huu basi hofu yake ina msingi. Lakini yurethani sio anachomeza mwanao, hata haiko kwenye dirisha lolote la dawa la watu ninalolijua, na mwili unaivunja kwa njia yake yenyewe kuwa kitu kinachong'ang'ania maandishi ya seli. Fenobabitoni haina tabia hiyo.

Fenobabitoni ina kesi nyingine, na hii siifichi. Kwenye panya tatizo lake liko kwenye ini. Ukimpa panya mdogo fenobabitoni nyingi kwenye chakula maisha yake yote, anaota uvimbe wa ini. Mwaka 1971 Carl Peraino na wenzake wa maabara ya Argonne, karibu na Chicago, walichukua panya wakubwa wa maabara wakawapa kwanza kemikali inayoharibu ini, kisha wakawapa fenobabitoni, uvimbe ukaongezeka. Wakarudia, safari hii wakawapa vyote viwili kwa pamoja, uvimbe ukapungua! Dawa ile ile, mnyama yule yule, wamebadilisha muda tu. Sababu yake inaeleweka: fenobabitoni inaamsha vimeng'enya vya ini vinavyosaga kemikali, kwahiyo ikiwepo wakati sumu inaingia, sumu inasagwa na kutolewa haraka kabla haijafika mbali, lakini ikija baadae, wakati seli zimeshaharibika, inazichochea tu zizaliane. Ndio maana mi nikisoma habari ya dawa ya kutuliza na uvimbe wa panya swali langu la kwanza linakuwa waliipa lini, kabla, pamoja, au baada? Mtu anaweza kukuletea kichwa cha habari kinasema dawa inakinga na mwingine kinasema inachochea na wote wawili wakawa wanasema ukweli.

Na dozi nayo ihesabu. Kiwango kinachotumika sana kwenye majaribio haya ni asilimia 0.05 ya chakula. Panya wa gramu 25 anakula kama gramu 4 kwa siku, kwahiyo anaingiza miligramu 2, ambayo ukiipeleka kwenye kilo ni miligramu 80 kwa kila kilo. Mwanao kilo 24 na miligramu 60, anapata 2.5 kwa kilo. Ukitaka kumlisha kama panya ungempa vidonge 64 kila siku. Ila hapa nisikudanganye, panya anaichoma dawa haraka kuliko sisi, kwahiyo kwenye damu tofauti sio kubwa kama hiyo hesabu inavyoonyesha, na mimi sitegemei dozi peke yake kukutuliza. Ninachotegemea zaidi ni kwamba ile swichi ya kwenye seli za ini ambayo fenobabitoni inaiwasha, kwa panya ikiwashwa seli zinaanza kugawanyika, kwa binadamu inawashwa, vimeng'enya vinaongezeka, lakini seli hazikimbilii kugawanyika vile. Na binadamu tumeshaangaliwa. Denmark kuna kituo cha wagonjwa wa kifafa kinaitwa Filadelfia, wagonjwa zaidi ya 8,000 waliolazwa pale kati ya 1933 na 1962 walifuatiliwa kwenye kumbukumbu za saratani za nchi yao, watu waliomeza fenobabitoni miaka nenda rudi. Saratani za ini zilizozidi, ukizichambua, zilifungamana na Thorotrast, maji ya mionzi waliyokuwa wanadungwa zamani ili mishipa ya kichwa ionekane kwenye picha, sio na vidonge vya kifafa.

Lile shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, mwaka 2001 liliiweka fenobabitoni kwenye kundi 2B, maana yake huenda ikasababisha saratani kwa binadamu, ushahidi unatoka zaidi kwa wanyama. Mwangaza wa jua shirika hilohilo limeuweka kundi la 1, la vitu ambavyo hakuna tena ubishi. Mama, mwanao anameza cha kundi la 2B usiku, na mchana anatembea kwenye cha kundi la 1 akiwa hana rangi ya kumkinga. Nikiwa na nguvu za kupigana na kimoja najua nitapigana na kipi.

Kuna jambo lingine dogo ambalo watu wengi wanalipita. Panya aliyepewa dawa ya kutuliza analala, anakula kidogo, anakonda. Na miaka ya 1940 Albert Tannenbaum wa Chicago alishaonyesha kwamba panya wakipunguziwa chakula tu, bila dawa yoyote, uvimbe wao unapungua, hadi huo wa ngozi. Kwahiyo kama watafiti hawakuwapima uzito panya wao na kuwafananisha na wenzao waliokula kidogo vilevile, dawa inaweza kuonekana imekinga ngozi kumbe ni njaa tu. Mdogo wako akiwa na ile habari mwambie atafute sehemu waliyoandika uzito wa panya, asipoiona asiiamini sana, iwe inasifia dawa au inaiponda.

Na usije ukadhani mi nasema panya hawana maana, au kwamba kila siku wanazidisha hofu. Wakati mwingine wanatuficha hatari. Talidomaidi ilitoka Ujerumani Magharibi mwaka 1957, dawa ya usingizi ilionekana salama kupita kiasi, wajawazito wakapewa mpaka kwa kichefuchefu, na ilipokuja kuondolewa sokoni mwishoni mwa 1961 watoto zaidi ya 10,000 duniani walikuwa wameathirika, wengi wamezaliwa mikono na miguu haijakamilika. Panya hawadhuriki hivyo, protini ambayo dawa inaishika kwao imetofautiana kidogo na yetu, jambo lililokuja kueleweka baada ya 2010. Leo dawa hiyohiyo inatibu saratani ya uboho wa mifupa. Ndio ujue neno "ya kutuliza" halikwambii chochote kuhusu saratani.

Sasa tuje kwa bibi, na hapa naomba usikilize kuliko pote.

Nilikwambia mafuta ya krotoni ndiyo yaliyokuwa yanapakwa ili uvimbe utoke. Ndani ya mafuta hayo kuna kemikali maalum, wataalamu wameshaitenga, inaitwa TPA, na mpaka leo ndiyo inayotumika maabara dunia nzima mtu akitaka kuchochea uvimbe kwenye ngozi ya panya. Mti wa krotoni uko kwenye familia moja na mnyaa. Na mbono kaburi. Utomvu mweupe wa mnyaa una kemikali za ukoo uleule wa TPA, na mafuta ya mbono kaburi yameshapakwa kwenye panya yakachochea uvimbe wa ngozi. Hiyo ni miti ya uzio, Kasulu ipo, huku Tabora ipo, sisi wote tumekua tunaiona na wengi wetu tumepakwa huo utomvu kwenye chunjua tukiwa watoto. Sasa fikiria unachotaka kufanya: una ngozi ambayo jua limeshaiharibu, tena juu ya sikio, halafu unaipaka kichochezi kilekile, kila siku. Mdogo wako anatafuta lile jaribio la panya kwenye kidonge cha usiku, kumbe liko nyuma ya nyumba kwenye uzio. Mwambie bibi kwa heshima zote, shikamoo yake mpe kutoka kwangu, kwamba kwa huyu mjukuu mnyaa usikaribie ngozi yake, na machoni ndio kabisa, utomvu ule unachoma jicho na yeye macho yake tayari hayaoni vizuri.

Kuhusu jua lenyewe, kuna kitu kwenye majaribio hayohayo ya panya ambacho mi huwa nawaambia wazazi wote wenye watoto wenye ualbino. Ukimchukua panya asiye na manyoya ukammulikia miale kama ya jua miezi kadhaa, anaota saratani ya ngozi bila DMBA, bila krotoni, bila chochote. Jua linafanya kazi zote mbili, linaharibu maandishi na linachochea. Na Kasulu na Tabora tuko kama nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta, na huku juu kwetu ni zaidi ya mita 1,000 toka usawa wa bahari, jua letu halichagui msimu. Kwa watu wenye ualbino nchini kwetu saratani ya ngozi inakuja mapema mno, umri ambao wengine hawaijui kabisa, na inapenda sehemu zilezile: masikio, midomo, shingo, pua, migongo ya mikono. Hicho kidonda umekieleza vizuri sana, kinaweka gamba, gamba likitoka kinavuja damu, hakijapona toka kabla ya mavuno. Kwa mtoto mwenye ualbino kidonda cha namna hiyo kisichopona mwezi mzima hakipakwi kitu chochote cha nyumbani, kinapelekwa kikaangaliwe. Inawezekana ikawa bado ni hatua ya mwanzo tu, gamba la jua ambalo linagandishwa au linapakwa dawa maalum na kuisha, na inawezekana imeshaingia. Kwa macho ya simu siwezi kukwambia, hata nikiwa mbele yake nisingekwambia bila kipande kidogo kukatwa na kupimwa. Ila najua hili, ikiwa ndogo inakatwa inaisha, na ikiachwa inashuka mpaka kwenye tezi za shingo.

Kwahiyo wiki hii nenda hospitali ya Kabanga hapo kwenu, au shuka Kigoma mjini Maweni, omba aangaliwe ngozi. Wakisema apelekwe mbele, Bugando Mwanza wanahudumia saratani. Usirudi nyumbani na tyubu ya dawa ya fangasi ukatulia. Kama wamempa na wiki mbili zimepita hakuna mabadiliko rudi, na uwaambie neno hili wazi, "naomba kipimo cha nyama". Na huyo mtaalamu akimvua shati mwache aangalie kote, nyuma ya masikio, midomo, shingo yote, vidonda vya jua mara nyingi havikai kimoja.

Kinga mnaijua lakini nairudia kwa jinsi mtoto wa miaka 9 anavyoishi. Kofia yenye ukingo mpana pande zote, sio kapelo, kapelo inaacha masikio nje na ndipo kidonda kilipo. Shati la mikono mirefu kitambaa kizito kidogo. Kuna losheni inaitwa Kilisun, inatengenezwa Moshi maalum kwa watu wenye ualbino, inatolewa bure, uliza hospitalini au kwa chama cha watu wenye ualbino wilayani kwenu. Ipakwe kabla ya kutoka na irudiwe mchana, na masikio msiyasahau, watu wanapaka uso wanaacha masikio. Jua kali ni saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni, zungumza na mwalimu asimtoe kufagia uwanja au kucheza mpira muda huo, apewe kazi ya kivulini.

Kama unataka kujua madhara halisi ya fenobabitoni kwenye ngozi ya binadamu, yapo. Wiki za mwanzo za kuitumia, watu wachache wanapata upele mkali, midomo na macho yanachubuka, ngozi inatoka kama imeungua, hiyo ni dharura. Mwanao mwaka wa tatu sasa, hilo dirisha amelivuka. Lingine ni mifupa. Vile vimeng'enya vya ini vinavyoamshwa vinasaga hata vitamini D, na kwa mtoto tunayemfunika dhidi ya jua naliangalia kwa jicho kali zaidi, mpe dagaa wenu wa ziwa, wazima na mifupa yake, na mayai ukipata, na umwambie daktari ukiona miguu inapinda au analalamika mifupa. Usingizi darasani pia, akisinzia sana dozi inaangaliwa upya, lakini na daktari, taratibu, sio kwa kuacha.

Ukitaka dawa za kuogopa juani ni nyingine kabisa. Septrini inafanya ngozi iungue haraka na jua, doksisaiklini hivyo hivyo, na ile ya presha hidroklorothayazaidi imeonekana kwenye tafiti za Denmark kuongeza saratani za ngozi kwa watu wanaoitumia miaka mingi. Siku mwanao akiandikiwa dawa yoyote mpya uliza pale dirishani, "huyu ana ualbino, hii dawa inagombana na jua?" Mfamasia mzuri hatakasirika.

La mwisho, maana najua litakuja. Wakisema hicho kidonda kikatwe, mdogo wako ataniuliza kuhusu nusu kaputi, nayo si ni dawa ya kutuliza? Kipande kidogo cha sikio kwa kawaida kinafanyika kwa sindano ya ganzi, na kwa mtoto asiyetulia anaweza kulazwa usingizi kwa muda mfupi. Kulazwa mara moja ili kutoa uvimbe ulio pale hakufanani hata kidogo na panya anayelishwa dawa maisha yake yote, kwahiyo hilo lisimzuie mtu. Linalohitaji umakini ni kwamba asubuhi ya upasuaji wanamkataza kula, na akina mama wengi wanadhani na dawa ya kifafa imekatazwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo mpe fenobabitoni yake kama kawaida, vidonge viwili, na asubuhi mwonyeshe mtu wa nusu kaputi pakiti yenyewe umtajie dozi na mara ya mwisho mtoto alipoanguka, kwa sababu fenobabitoni inabadilisha kiasi cha dawa atakachohitaji kumlaza.